Mama Kioo, fundi wa nyuzi za mwanga anayeazima macho

Saa nne asubuhi. Foleni ya wagonjwa kwenye geti la hospitali imeshapinda kona, lakini kando yake, chini ya mwavuli mkubwa uliosimikwa juu ya shimo la nyaya, kuna kivuli cha kuwatosha watu wawili. Mwanamke amekalia ndoo iliyopinduliwa. Ameinamia meza ya kukunja, na kati ya vidole vyake ameshika kitu ambacho wapita njia hawakioni kabisa.

"Mweupe?" anauliza bila kuinua kichwa.

"Mweupe!" anajibu mwanamume aliyechuchumaa pembeni yake.

"Na wa njano uko wapi?"

"Nimeushika mimi. Hauwezi kutoroka, Mama."

"Ushike hivyo hivyo. Huo nazijua mwenyewe tabia zake."

Alichoshika ni uzi wa kioo, mwembamba kama unywele, ambao ndani yake hupita mwanga uliobeba simu, picha na maneno ya watu wa mji mzima. Kazi yake ni kuunganisha nyuzi hizo zinapokatika au zinapohamishwa. Amekuwa akiifanya kwa zaidi ya miaka ishirini, na kwa sababu hiyo mtaani na kazini hakuna anayemwita kwa jina lake. Anaitwa Mama Kioo.

Mwanamume anayejibu rangi anaitwa Kimya. Jina hilo alipewa kwa kejeli, maana mdomo wake haujawahi kupata likizo. Akiwa haongei na Mama Kioo anaongea na wagonjwa wa kwenye foleni, na akimaliza na hao anaongea na nyaya.

Mpita njia angedhani wanacheza. Kumbe pale pana jambo zito. Mama Kioo ana mtoto wa jicho, ukungu unaokua ndani ya jicho na kuziba mwanga. Macho yote mawili yameguswa, la kulia zaidi. Kwa jicho hilo mweupe na wa njano ni mapacha, na katika kazi yake kuchanganya mapacha hao ni balaa.

"Nyuzi kumi na mbili zinakaa kwenye bomba moja, kila mmoja na rangi yake," anaeleza. "Buluu, chungwa, kijani, kahawia, kijivu, mweupe, na kuendelea. Fundi wa huku anaunganisha mweupe, na fundi wa kule anajua mweupe ni wa nani. Rangi ndiyo anwani. Ukikosea rangi, umepeleka barua ya mtu kwa jirani."

Kampuni imempa mpaka mwisho wa mwaka. Kama jicho halijatengenezwa, atahamishiwa stoo kuhesabu masanduku. Mshahara haupungui, na ukisema hivyo mbele yake anakuangalia kama umemtukania mama mzazi.

"Stoo!" anasema, na kwa mara ya kwanza asubuhi hiyo anaweka uzi mezani. "Mimi nikae na masanduku? Masanduku yana habari gani?"

Hakufika kwenye kazi hii kwa mlango wa shule. Alianza kama kibarua wa kuchimba mitaro ya kulaza nyaya, akilipwa kwa mita. Siku udongo ukiwa laini alirudi nyumbani na unga na mafuta. Siku ya mawe alirudi na malengelenge. Wakati huo mtoto wake wa kwanza alikuwa mgongoni, na wa pili, anasema mwenyewe, alikuwa "njiani na haraka zake."

Nyuma ya wachimbaji walikuja mafundi wa kuunganisha. Walifungua mwavuli, wakakaa.

"Nisikudanganye, mwanangu," anamwambia mwandishi. "Watu hupenda niseme nilivutiwa na teknolojia. Nilivutiwa na kivuli. Nilisema, hawa wanafanya kazi gani wamekaa? Nikamwendea mkubwa wao nikamwambia nataka kukaa na mimi."

Mkubwa wao alicheka, kisha akampa kipande cha uzi mbovu na kisu cha kumenyea, akijua angeuvunja. Aliuvunja. Akampa kingine. Nacho akakivunja. Mpaka jua linazama alikuwa amejifunza kumenya ganda la plastiki bila kuujeruhi uzi wenyewe, na mkubwa hakucheka tena. Kidogo kidogo akawa wa kuwashikia taa, kisha wa kusafisha kwa spiriti, kisha wa kuunganisha.

Kazi yenyewe ukiitazama ni ya upole. Unamenya, unafuta, unakata ncha iwe sawasawa, unalaza ncha mbili uso kwa uso ndani ya mashine. Mashine inapiga cheche moja ndogo, na kioo kinayeyuka na kushikana. Lakini kabla ya yote hayo lazima uvishe kibomba cha plastiki kwenye uzi mmoja, maana ukishaunganisha hakuna mahali pa kukipitishia. Kibomba ndicho kinachokilinda kiungo. Ukisahau, unakata na kuanza upya, na kila unapokata uzi unafupika.

Anayesahau kibomba huwapikia wenzake wote chai. Hiyo ni sheria ya kikosi, haikuandikwa na hakuna aliyewahi kuikatia rufaa. Asubuhi hii Kimya ameshasahau mara moja, kwa sababu alikuwa akimsimulia mgonjwa mmoja dawa ya kukoroma.

"Sukari usiibanie," Mama Kioo anamwambia. "Ile ya juzi ilikuwa maji ya kuoshea vikombe."

"Mama, ile ilikuwa chai ya afya."

"Afya ya nani?"

Leo wanahamisha laini za hospitali kutoka kebo ya zamani kwenda kebo mpya. Hawahamishi zote kwa pamoja. Kabla Mama Kioo hajakata uzi wowote, Kimya hupiga simu kwenye chumba cha mitambo, na huko mawasiliano ya uzi huo hugeuzwa yapite njia ya pili, kama magari yanavyopitishwa mchepuko barabara inapochimbwa. Sauti ikisema "tumegeuza," anakata. Akimaliza, wanarudisha. Mgonjwa aliyeko ndani hajui lolote.

Uzi mmoja tu hauna mchepuko. Ni mweupe, wa kliniki ya macho. Ukikatwa, kliniki inakaa gizani mpaka uunganishwe tena.

Na uzi huohuo ndio uliomponza.

Miezi kadhaa iliyopita gari la kubeba mchanga liliikata kebo ya mtaa. Mama Kioo alikaa kwenye ndoo yake peke yake, maana wakati ule hakuwa na wa kumjibu rangi, akaunganisha nyuzi zote na kufunga kasha. Alikuwa na haraka ya kwenda kwenye shimo jingine, hakupima kila laini. Mweupe wa kliniki aliupeleka kwenye wa njano, na wa njano, uliokuwa wa ukumbi wa kuonyesha mpira, akaupeleka kwenye mweupe.

"Wa kwanza kupiga simu hawakuwa hospitali," anasema Kimya. "Walikuwa mashabiki. Mechi inakaribia, ukumbi umejaa, kioo cheusi. Tulitukanwa matusi mengine ilibidi tuulizane maana yake."

Mama Kioo hacheki sehemu hii. Siku hiyo kliniki ilikuwa ikituma picha za macho ya wagonjwa kwa daktari bingwa aliyeko mji mwingine, naye huzisoma na kusema nani apasuliwe na nani apewe dawa. Picha hazikufika. Wagonjwa waliambiwa warudi kesho.

"Nilipokwenda kutengeneza nilimkuta mzee mmoja amelala kwenye benchi," anasema. "Hakuwa na nauli ya kwenda na kurudi. Akaniamkia, mimi! Mzee rika la baba yangu. Ananiambia, 'Shikamoo daktari, mashine imepona?' Niliona aibu, nikatamani ardhi ipasuke. Nilimwambia imepona. Sikumwambia aliyeiua ni nani."

Alimwambia msimamizi wake kwamba alichoka tu. Alisema hivyohivyo nyumbani. Msimamizi, mtu mpole asiyependa kupaza sauti, alimwacha kwa wiki kadhaa, kisha akamletea nyuzi mbili mezani na kumwomba amchagulie ule wa njano.

"Alizileta karibu na jicho," anakumbuka msimamizi. "Akaniambia, 'Zote mbili hizi, bwana mkubwa.' Sikutaka kumpoteza, na sitaki. Lakini mtu hawezi kuunganisha mji kwa kubahatisha."

Ndipo ulipoanza utaratibu wa kuitana rangi. Yeye anauliza, Kimya anajibu. Hakuna uzi unaoingia kwenye mashine kabla rangi yake haijatamkwa na midomo miwili. Msimamizi aliukubali kwa muda, mpaka mwisho wa mwaka.

Swali ambalo kila mtu hujiuliza ni jepesi: kwa nini hakwenda kupasuliwa mapema? Jibu lake ni kaka yake mkubwa. Alikuwa dereva, macho yakamsumbua, akapasuliwa, na baada ya hapo hakuona tena. Mpaka leo anaishi kwa kushikwa mkono. Ukoo mzima ulihukumu kwamba kisu ndicho kilichomaliza kazi.

"Nikifumba macho namwona kaka akipapasa mlango," anasema. "Nikajisemea, heri ukungu wangu kuliko giza lake. Ukungu nimeuzoea, tumeshakuwa ndugu."

Daktari wa macho wa kliniki hiyo ni mwanamke mwenye maneno machache. Alimweleza kwamba kaka yake, kwa maelezo yote aliyopewa, alikuwa na presha ya macho iliyoachwa muda mrefu, na kwamba ugonjwa huo si huu. Alimweleza mara moja, mara ya pili, na mara ya tatu mbele ya mumewe. Pia alimtoa hofu nyingine iliyokuwa ikivuma kazini, kwamba ni mwanga wa nyuzi uliomharibu.

"Huo mwanga mimi siuchungulii, na nikiona mtu anachungulia namchapa kofi la mkono," anasema Mama Kioo. "Hauonekani kwa jicho la mtu yeyote. Unaweza kukuunguza na usijue. Kwa hiyo ukitaka kucheka, cheka hapo. Tangu nianze kazi, kitu ninachokiunganisha sijawahi kukiona, na nilikuwa naona vizuri tu."

Mwanga huo huzaliwa kwenye chumba cha mitambo, jengo la kijivu lisilo na dirisha, nyuma ya soko. Ndani ni baridi na kelele za feni. Makasha ya chuma yamepangwa mpaka darini, na ndani ya kila moja kuna taa ndogo kuliko punje ya mchele. Inawaka na kuzima mara mabilioni kwa sekunde moja, na katika kuwaka na kuzima huko ndimo zilimo sauti na picha.

Kando ya makasha hayo kuna kisanduku chembamba ambacho Mama Kioo hukionyesha kama mtu anayemwonyesha mgeni mwanawe. Uzi mmoja unaingia, nyuzi kadhaa zinatoka. Ndicho kinachoufanya ujumbe mmoja uwafikie wengi kwa mpigo.

"Ukigawa mkate kwa watu wanne, kila mmoja anapata robo ya mkate," anasema. "Ukigawa mwanga kwa watu wanne, kila mmoja anapata robo ya mwanga. Lakini habari iliyo ndani haigawanyiki. Kila robo ina habari nzima! Mimi jambo hilo nililielewa siku moja nikiwa napika, nikakaa chini. Wali ukaungua."

Kisanduku hicho kinatajwa hapa kwa sababu. Daktari wa macho alikuwa na mpango wa kurusha upasuaji mmoja moja kwa moja, kutoka kwenye darubini yake hadi vyuo vinne vinavyofundisha wauguzi wa macho, ili wanafunzi waone bila kusafiri. Alihitaji mgonjwa atakayeridhia. Wengi walikataa. Siku Mama Kioo alipokubali hatimaye kupasuliwa, baada ya kuzunguka wee, daktari alimuuliza kama angekubali pia kuonekana.

"Nikamuuliza, picha itapita wapi?" anasimulia. "Akasema itapita kwenye waya wa kliniki. Nikasema Mungu wangu. Mweupe!"

Alikubali kwa sharti moja, kwamba wanafunzi waonyeshwe jicho tu na wasionyeshwe miguu yake, kwa sababu miguu ya mtu wa mitaroni si ya kutazamwa na vyuo vinne.

Basi ndivyo ilivyo asubuhi hii kwenye geti la hospitali. Zamu imefika ya uzi usio na mchepuko. Kliniki imeshaarifiwa na wagonjwa wameombwa subira. Jumatano ijayo, kama kiungo ni kizuri, uzi huu utabeba picha ya jicho la yule yule anayeuunganisha.

Mama Kioo anauangalia uzi, kisha anausogeza kwa Kimya.

"Huu uunganishe wewe."

Kimya, kwa mara ya kwanza tangu saa nne, ananyamaza. Anafuta mikono kwenye suruali. Kisha anausukuma uzi urudi ulikotoka.

"Mama, mikono ni yako. Macho nitakuwa mimi."

"Nikikosea?"

"Utapika chai."

Anavuta pumzi. Anavisha kibomba kwanza, huku midomo yake ikicheza kimyakimya. Anamenya, anafuta, anakata.

"Mweupe?"

"Mweupe, Mama. Mweupe kama meno yangu."

"Basi niambie ukweli, maana meno yako nayajua."

Foleni nzima inacheka, hata wasiojua kinachochekwa. Cheche inapiga. Kimya anasoma kwenye kioo cha mashine kiasi cha mwanga kilichopotea kwenye kiungo, na anatangaza kwa sauti ya mpiga debe kwamba karibu hakuna. Anapiga simu ndani. Kliniki inajibu kwamba picha zimeanza kwenda. Mama Kioo anaketi tu na mikono yake mapajani, anatazama barabara ambayo kwake ni rangi zilizomwagikiana.

Mwishoni mwa wiki mwandishi alikwenda kumtembelea nyumbani. Ni vyumba viwili na ua mdogo. Nusu ya ua imechukuliwa na magurudumu, minyororo na fremu, maana mumewe ni fundi baiskeli. Watoto wao wawili wameshaondoka na kujitegemea, na mmoja huwatumia kidogo kila mwezi "akikumbuka kwamba alizaliwa," kama anavyosema mama yake.

Mume alikuwa amevaa shati la njano, njano kali ya ganda la ndizi mbivu, lililopigwa pasi mpaka mikunjo inakata. Mke alipoingia ndani kuandaa chakula, alisogeza kigoda chake karibu na cha mwandishi.

"Umeliona shati?" alinong'ona.

"Nimeliona. Zuri."

"Hili alininunulia sikukuu iliyopita. Alikwenda dukani mwenyewe. Akarudi amefurahi, ananiambia, 'Mume wangu, maisha yako yote ni grisi, leo nimekuletea shati jeupe, nikuone msafi.'" Alishika kola kwa vidole viwili. "Nifanyeje sasa? Nimwambie? Kila Jumapili ananiambia jeupe limekupendeza, nami nasema asante mke wangu. Watoto nimewaonya. Jirani nimemwonya. Na wewe nakuonya. Usimwambie."

Mwandishi aliahidi, na ndiyo sababu makala haya hayakuchapishwa mapema.

"Unaogopa Jumatano?" mwandishi alimuuliza.

Alikaa akilizungusha gurudumu moja kwa kidole. "Naogopa sana," alisema. "Mimi niliyemsukuma aende, nikimwona kaka yake sipati usingizi. Likiharibika, nitajiona nimemtoa jicho kwa mkono wangu. Lakini kule stoo atakufa, bwana. Namfahamu. Atakufa akiwa anaona masanduku."

Kutoka ndani sauti iliita: "Nyie wanaume mnanong'ona nini huko?"

"Bei za matairi!" alijibu mumewe.

Jumatano ilifika. Mgonjwa wa mtoto wa jicho halazwi usingizi. Jicho hutiwa ganzi, uso hufunikwa kitambaa chenye tundu, na mtu hubaki anasikia kila kitu. Mama Kioo alisikia feni, alisikia vyombo, alisikia daktari akimwambia asitikise kichwa. Kisha akasikia spika ukutani.

"Chuo cha kwanza, mnaona?" aliuliza daktari.

"Tunaona vizuri, daktari."

"Cha pili?"

"Picha safi kabisa."

Cha tatu nacho kikaitika. Daktari akaita cha nne. Spika ikakaa kimya. Akaita tena. Hakuna jibu.

"Daktari," ikasema sauti kutoka chini ya kitambaa, "cha nne hakijajibu."

"Nimesikia, Mama. Usiongee."

"Vitatu vinaona, kwa hiyo uzi wangu hauna neno. Waambie chumba cha mitambo waangalie tundu la mwisho la kisanduku—"

"Mama." Daktari aliweka mkono kwenye paji la uso la mgonjwa. "Kwa dakika hizi jicho ni langu. Nyaya utarudishiwa baadaye."

Mwandishi, aliyekuwa upande wa pili wa kioo pamoja na mume, aliona vidole vya mgonjwa vikikunja na kukunjua shuka. Mume hakuangalia kabisa. Alikuwa ameinamisha kichwa, anazisugua kucha zake zenye grisi isiyotoka.

Ndipo spika ikakwaruza. "Samahani, daktari," ilisema sauti ya binti mwenye aibu. "Cha nne tunaona tangu mwanzo. Tulisahau kuwasha maiki."

Wauguzi wakacheka. Chini ya kitambaa ikasikika pumzi ndefu. Vidole vikaachia shuka, na daktari akaanza kazi. Ukungu uliomsumbua miaka ukatolewa vipande vipande, na vyuo vyote vinne vikaona, kila kimoja picha nzima.

Usiku ule alilala na pedi ya pamba kwenye jicho. Asubuhi alirudi kliniki kuondolewa pedi hiyo, na alimwomba mwandishi awepo, "ili kama ni giza, uandike ulivyoona wewe, mimi sitaweza kukusimulia." Kimya naye alikuja. Alikuwa amebeba chupa ya chai, yenye sukari safari hii.

Muuguzi alipobandua pedi, Mama Kioo hakufungua jicho mara moja. Alikaa nalo limefumbwa, mikono kwenye magoti. Alipofungua, aliangalia ukuta. Aliangalia dirisha. Akaishika nguo ya muuguzi, akaivuta karibu kama mtu anayetaka kuinunua.

"Hii ni buluu," alisema. "Jamani, buluu! Mimi nilidhani mnavaa kijivu, nikawa nawaonea huruma."

Muuguzi akamwonyesha herufi za ukutani. Akazisoma mpaka mstari wa chini, kisha akasoma na jina la kiwanda kilichochapisha karatasi yenyewe. Daktari akasema la kushoto litafuata baada ya wiki chache. Kimya akageuka akawa anatazama nje, na mabega yake yalikuwa yakitikisika. Huyo ndiye mtu wa maneno mengi kikosini.

Wakiwa kwenye benchi, mwandishi alimuuliza atafanya nini sasa. Alisema stoo wamtafute mwingine. Alisema pia kuna wanawake wawili wanaochimba mitaro upande wa shuleni, ameshawachagua, na la kushoto likipona atawaketisha chini ya mwavuli.

"Na wataitana rangi," alisema. "Hata kama macho yao ni ya tai. Nimemwomba msimamizi iwe sheria ya kikosi kizima, kama ile ya kibomba. Mimi nilinyamaza na ukungu wangu, mzee wa watu akalala kwenye benchi hili hili. Mtu asikae na uzi peke yake tena."

Alikuwa bado anasema hivyo mlango ulipofunguliwa. Mumewe alikuwa amechelewa. Alibaki nyumbani kubadili nguo, akapiga pasi, akaja mbio, na katika haraka na hofu yake hakufikiri. Alisimama mlangoni amevaa shati lake la Jumapili.

Mama Kioo alimtazama. Alianza na uso, akazitazama mvi moja moja, akatabasamu. Kisha macho yakashuka.

"Baba watoto. Shati gani hilo?"

Mume alijiangalia kifuani, akaelewa, akawa kama mtoto aliyekamatwa na mkono kwenye kopo la sukari. "Si ndilo lile jeupe," alisema.

"Lile jeupe nililokununulia?"

"Ndilo hilo."

"Hili la njano?"

Kimya akaiweka chupa ya chai chini.

"Tangu lini?" aliuliza.

"Tangu dukani, mke wangu."

Alicheka mpaka muuguzi akamkanya asitikise jicho. Kisha akalia, na muuguzi akamkanya tena, maana machozi nayo hayafai. Mume alikuja akakaa karibu yake kwenye benchi, hajui aweke wapi mikono. Mama Kioo akalishika lile shati kwenye mkono, akaliviringisha kati ya kidole gumba na cha shahada, taratibu, kama anavyoshika uzi kabla ya kuukata.

"Njano?" aliuliza.

"Njano," alijibu mumewe.